Doa la Ishirini na Mbili

Hapana, hiyo rangi ya picha haikupakwa. Kila anayekaa kwenye kiti hicho ulichokalia huniuliza hivyo hivyo, na mimi humjibu hivyo hivyo. Kijani ni chake yule ndege, koo la njano ni lake, na ule mstari mweusi wa machoni, kama mtu aliyejipaka wanja kwa haraka, huo pia kazaliwa nao. Mjukuu wangu hakumwongezea hata tone. Kama kuna mtu aliyemgusa ndege yule kwa ubaya ni mimi, tena kwa kidole tu, juu ya kioo cha kompyuta. Tulia nikwambie. Chai ipo.

Hiyo unayoiona ukutani ni picha ya pili. Ya kwanza niliiua mwenyewe.

Mimi nilikuwa dobi, hilo unalijua. Miaka arobaini na moja nimefua nguo za watu, nikazitia wanga, nikazipiga pasi, kwanza ile ya mkaa kisha ya umeme. Shule niliishia darasa la tatu, lakini niulize habari za madoa. Doa la chai lina tabia yake, la damu lina yake, la kutu ni jeuri, na la wino ni mnafiki, unadhani limeondoka kumbe limejikunja kwenye mshono linakungoja. Nilikuwa naingia kwenye harusi ya watu, nikimwona bwana harusi kwa mbali nimeshajua asubuhi alikunywa nini. Marehemu mke wangu alikuwa ananikanya. "Acha kuwakodolea watu vifua," ananiambia. "Kuna siku utapigwa, na useme ulikuwa unatazama doa, nani atakuamini?"

Sasa mjukuu wangu wa kike. Humu ndani tunamwita Kimya, na mimi nikimbembeleza namwita mama. Siku aliyozaliwa hakulia. Mkunga akampiga kofi, akampiga la pili, mtoto akafungua macho akamtazama tu, kama anayemuuliza, wewe mama una shida gani. Ndipo akalia, kidogo, kwa adabu. Akakua hivyo hivyo. Watu walidhani ana kiburi. Hana kiburi, anatazama. Alipomaliza shule akapata kazi kwenye studio ya picha za pasipoti na vitambulisho. Kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Mwaka mzima anawapiga picha watu waliokatazwa kucheka. Halafu siku moja akarudi na kamera kuukuu yenye lenzi ndefu kama mchi wa kinu, akaniambia, "Babu, nimeacha kazi. Nataka kupiga picha viumbe ambao huwezi kuwaambia wakae vizuri."

Nikamwuliza, "Viumbe gani hao? Wajukuu?"

"Ndege," akasema.

Mama yake, yaani binti yangu, ni nesi. Mwanamke wa saa huyo. Kwake dawa mara tatu kwa siku ni mara tatu, na chakula cha mchana ni saa saba, si saa saba na dakika tano. Tuko watatu tu nyumba hii, na nakwambia kweli, tangu kamera ile iingie hatukukaa mezani pamoja hata siku moja. Mmoja yuko porini, wa pili yuko mlangoni anamchungulia, na wa tatu amesimama jikoni na upawa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu si ya chuma. Basi kila mtu anakula wakati wake, amesimama, kama watu walio kituoni.

Nyuma ya karakana ya mabasi kuna shimo kubwa, zamani walikuwa wanachimba udongo wa matofali. Kuta zake zimesimama wima, na kwenye ukuta mmoja keremkerem wametoboa matundu yao. Humjui keremkerem? Ndiye huyo ukutani. Chakula chake nyuki. Anakaa juu ya kijiti, ametulia, kichwa kinageuka huku na huku. Nyuki anapita. Mara moja keremkerem hayupo kijitini, na kabla hujauliza kaenda wapi amesharudi, nyuki yuko mdomoni. Halafu hammezi. Anampigapiga kwenye kijiti, anamsugua, anamgeuza, anamsugua tena mpaka ule mwiba wa sumu utoke. Siku ya kwanza kumwona nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi kola za mashati ya watu nimezisugua hivyo hivyo. Nikasema, huyu ni dobi mwenzangu.

Sasa kulikuwa na mhariri mmoja, mwanamama, anatengeneza kitabu cha ndege cha watoto wa shule. Alikuwa ameona picha mbili tatu za Kimya, akampigia simu. Nilikuwepo, nikasikia. "Namtaka keremkerem," anasema, "lakini si amekaa kama anayengoja pasipoti. Namtaka hewani, anakamata. Ukinipa huyo mmoja nikaridhika, kitabu kizima ni chako, ndege sitini. Mwisho Ijumaa, wiki mbili kutoka leo, saa sita mchana."

Ndege sitini. Kimya akaweka simu chini taratibu kama yai.

Lakini binti yangu naye alikuwa ameshamtafutia nafasi ya kukaa mapokezi pale zahanati, kuanzia Jumatatu inayofuata. Akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, picha ikikubaliwa sitasema neno. Isipokubaliwa, Jumatatu unakaa mapokezi, na hiyo kamera inakaa kabatini."

Kimya akasema, "Sawa, mama." Lile sawa lake ni dogo hivyo, lakini ulibebe uone, ndoo ya maji.

Kazi ikaanza. Kwanza alitaka cha kujifichia, maana keremkerem akikuona hakai. Nikasema, mambo ya vitambaa niachieni mimi. Nikatoa shuka langu moja la zamani, nikalifua, na mkono wa dobi hausahau, nikalitia wanga nikalipiga pasi. Kimya akaenda nalo shimoni alfajiri. Alirudi na shuka chini ya kwapa.

"Babu, hili shuka linaongea."

"Linaongea vipi?"

"Upepo ukipita linasema kwa kwa kwa. Na linang'aa. Ndege wote wamehamia upande wa pili, na jamaa mmoja wa karakana alidhani kuna maiti."

Nikalitoa wanga, nikalichovya kwenye tope na majani ya chai mpaka likawa rangi ya ukuta wa shimo. Miaka arobaini na moja natoa uchafu kwenye nguo, uzeeni nautia kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo maisha.

Siku nane alikaa chini ya shuka lile. Nikimpelekea chai namwona kijisehemu cha kiatu tu. Unajua ile kazi ikoje? Ndege anaruka kwa kasi hiyo, sasa wewe ichukue sekunde moja, uikate vipande elfu tatu kama unakata utepe, halafu uchague kipande kimoja ambacho bawa limefunguka, jicho linaonekana, na mdomo umemfikia nyuki. Hivyo vipande vingine vyote ni takataka. Anapiga picha mia saba, anarudi na tatu. Ya kwanza haina kichwa, ya pili ni mkia, ya tatu, anasema, "Si mbaya." Kisha kesho yake anarudi tena. Mimi ningeshamtupia yule ndege jiwe. Yeye hata hakunji uso.

Jumapili ndiyo akaipata. Alinionyesha kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Keremkerem yuko hewani, mbawa zimefunguka kama feni, mdomo wazi. Mbele yake, kijidude.

Jumatatu tukakaa kuisafisha. Kompyuta yake ipo juu ya meza yangu ya pasi, pale dirishani, na tulifunga pazia ili kioo kionekane vizuri. Akanifundisha. Picha inapotoka kwenye kamera anaiita picha mbichi, imepooza, ina kivuli pasipotakiwa. Yeye anaivisha. Anaikata pembeni, anafungua kivuli chini ya bawa, anarudisha mwanga ulivyokuwa asubuhi ile. "Simpambi, babu," ananiambia. "Nampangusa tu ili aonekane alivyo." Nikaipenda hiyo kauli. Na mimi sikuwahi kumfanya mtu awe na shati zuri kuliko alilokuja nalo. Nilimrudishia lake.

Tatizo lilikuwa vumbi. Kamera kuukuu, vumbi limeingia ndani, na kwenye picha linatoka kama vidoa vya kijivu kila mahali juu ya anga. Kimya akasema, "Babu, wewe ndiye mwenye macho. Nionyeshe, mimi nafuta."

Sikiliza, sijawahi kupewa heshima kama hiyo tangu nistaafu. Nikavaa miwani. Akaivuta picha karibu, karibu sana, hata ndege haonekani tena, unaona kipande cha anga tu, kama unavyofua shuka pembe kwa pembe. Nami kidole juu ya kioo. Hapa. Anabofya, doa limekwenda. Hapa tena. Na hili. Hili limejificha, lione, mnafiki huyu. Nahesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na moja. "Na hapa kuna moja kubwa," nikasema, "ishirini na mbili, hili limenona." Akabofya. Anga likabaki safi kama shuka la hospitali.

Hapo ningenyamaza. Lakini kompyuta ikakataa kuituma picha, ikasema imejaa. Kimya akawa anajiuliza afute nini. Na mimi, kwa ile raha ya kuwa fundi tena, nikamwambia, "Mama, nguo ikishatakata, maji machafu unayamwaga. Futa hizo mbichi." Akanitazama. Nikasema, "Mimi nimefua miaka arobaini na moja." Akazifuta mbichi zote. Kadi ya kamera alikuwa ameshaisafisha asubuhi ili itumike tena. Picha ikaenda. Tukapeana mikono kama mabwana wakubwa.

Jumanne saa nne simu ikalia. Mhariri yule. Kimya akaiweka tusikie wote.

"Hongera, picha ni nzuri sana," anasema. "Ila nina swali. Huyu ndege anafanya nini?"

"Anakamata nyuki," akasema Kimya.

"Nyuki yuko wapi?"

Kimya akafungua kompyuta, akaitazama ile picha yote, nami nikatazama begani kwake. Ndege yuko pale, mbawa kama feni, mdomo wazi kabisa mbele ya anga tupu. Kama mzee anayepiga mwayo. Sikuhitaji kuambiwa. Lile lililonona.

Yule mama wa simu hakuwa mbaya. Akasema, "Nitumie ile mbichi, kama yumo tutamrudisha." Kimya akamwambia mbichi hakuna tena. Mama yule akavuta pumzi. "Basi una mpaka Ijumaa saa sita. Na safari hii utume na mbichi yake, niamini kwamba sikuletewa nyuki wa kubandika."

Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, na nadhani aliyesema naye alikuwa dobi. Nilikaa kwenye kitanda changu nikatazama vidole hivi. Mtoto amelala kwenye tope siku nane, mimi nimemfutia kwa dakika moja huku nahesabu kwa sauti. Kimya akaja akakaa pembeni yangu. Hakulaumu. Afadhali angelaumu.

Nikamwambia, "Lakini mama, si una picha nyingine za nyuki? Mchukue mmoja umweke pale mdomoni. Atajua nani?"

"Huyo atakuwa kiraka, babu."

"Kiraka kizuri hakionekani. Nimevishona vingi."

"Ulikuwa unamwambia mwenye nguo?"

"Lazima. Nguo ni yake."

"Basi na hiki kitabu ni cha watoto," akasema. "Mtoto akiangalia hapo ataamini huyu ndege na huyu nyuki walikutana."

Nikamtazama mjukuu wangu huyu. Ana miaka ishirini na mitatu, Jumatatu inamngoja na kiti cha mapokezi, na anakataa kushona kiraka ambacho hakuna mtu angekiona. Nikaona haya, na chini ya haya nikaona kitu kingine, kama unavyomwona mtoto wako amesimama peke yake kwa mara ya kwanza.

Binti yangu alipotoka kazini tukamweleza. Akaweka mkoba chini. "Kwa hiyo mmoja alilala kwenye matope wiki nzima na mwingine akamfulia." Hakucheka. "Ijumaa saa saba tunakula, sote, mezani, na siku hiyo jambo hili liwe limekwisha, vyovyote litakavyokwisha."

Jumatano Kimya akaenda peke yake. Alirudi na picha mia sita, na zote, naapa, zote ni mgongo. Keremkerem anaondoka, keremkerem anaondoka, mkia, kisogo, mkia. Akasema ile ya Jumapili ilikuwa bahati, ndege mmoja aligeuka tu. Nikamwambia kesho nakwenda na wewe.

"Magoti yako, babu?"

"Magoti yaende yalalamikie huko huko."

Alhamisi kulikuwa na wingu na manyunyu. Nyuki hawakutoka, na pasipo nyuki keremkerem wamejikunyata kijitini wamebanana kama mashati kwenye kamba. Hakuna picha hata moja. Lakini mimi sikuja kupiga picha. Nilikaa juu ya ndoo nikawatazama, na baada ya saa moja nikaona kitu ambacho dobi yeyote angekiona. Wote wameelekea upande mmoja. Kila kifua kinatazama kule unakotoka upepo. Sasa upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka upande wa ukuta, mbali na sisi, kwa hiyo tunaona visogo. Akiruka anarukia kuliko na upepo, kwa hiyo tunaona mkia.

Nikalowesha mgongo wa mkono, nikauinua. Mimi kamba yangu ya nguo nimeitazama miaka yote hiyo. Mwezi kama ule, upepo hugeuka asubuhi kabla jua halijawa kali sana. Ilikuwa lazima nijue, maana ukigeuka na wewe umeanika karibu na barabara, vumbi lote ni lako. Na siku ile ulipogeuka, palepale, mmoja baada ya mwingine, wale ndege wakageuka kijitini wakatutazama sisi.

Nikamnong'oneza, "Kimya, wewe huwa unafunga mizigo saa ngapi?"

"Saa tatu. Baada ya hapo mwanga unakuwa mkali, unaunguza manyoya."

"Upepo unageuka saa tatu na nusu."

Alikaa akafikiri. Nilikuwa najua anachofikiri. Huyu mzee aliniambia futa, nikafuta. Huyu mzee aliniambia mwaga, nikamwaga. Sasa anasema ngoja. Ningekuwa mimi ningemrudisha nyumbani mzee huyo kwa teksi.

"Sawa, babu," akasema. "Kesho tutangoja."

Ijumaa tulifika giza halijaisha vizuri. Nilifunga kipande cha hariri nyepesi kwenye ufito, tuuone upepo. Mvua ilikuwa imeacha kijiwingu chembamba, na Kimya akakitazama akasema hicho kikibaki, mwanga utavumilika. Saa moja. Saa mbili. Visogo na mikia. Akapiga chache kupasha mkono moto. Nyuki wakaanza kutoka. Saa tatu ikafika, na kwa kawaida angefunga, nikamsikia chini ya shuka anavuta pumzi, hakusogea. Saa tatu na robo. Kijiwingu bado kipo. Kile kitambaa kikanyooka upande ule ule tu. Saa tatu na nusu, upande ule ule. Nikaanza kumwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Sisi hatukuwa na hata dakika moja ya kupoteza, ukihesabu mwendo wa kurudi.

Kisha kitambaa kikalegea. Kikaning'inia kama soksi.

"Unakuja," nikasema.

Kikainuka, kikatuelekezea kisogo chake, na upepo nikausikia nyuma ya masikio. Kijitini yule dobi mwenzangu akajigeuza, hatua mbili, akatuelekea. Nikaliona lile koo la njano lote. Chini ya shuka kamera ikaanza, trrrr, ikanyamaza. Trrrr, ikanyamaza. Yeye hapigi ovyo. Anamwona nyuki kabla ya ndege, nakwambia, anatazama kichwa cha ndege kinapoinama kidogo, anajua sasa. Nilimtazama mjukuu wangu badala ya ndege. Lile shuka la tope lilikuwa linapumua taratibu, na kidole kimoja tu ndicho kilichokuwa kinafanya kazi duniani.

Saa nne kasoro kumi akatoka, majani kichwani, tope mpaka kwenye kope. Hakusema amepata. Alisema, "Twende, babu." Nami nikakimbia, kama yale yalikuwa ni kukimbia.

Nyumbani, pazia, meza ya pasi. Kitu cha kwanza, akazinakili mbichi zote kwenye flashi, akaitia mfukoni mwa koti langu. "Hizi ni maji machafu," akasema. "Usiyamwage. Na hilo koti usilifue." Hilo ndilo neno pekee la lawama alilowahi kunipa, na nililipenda.

Halafu akaifungua. Ndiyo hiyo unayoitazama. Mbawa, jicho jekundu, mdomo, na nyuki, upana wa ukucha tu kutoka mdomoni, yuko wazi kabisa. Tukaanza madoa. Safari hii nilikalia mikono. Kila nikiona kimoja nasema, "Pale, lakini rudi nyuma kwanza tuone yote," naye anarudi nyuma, tunakagua, lina mbawa, halina, futa. Yalikuwa kumi na tisa. Polepole kama kutoa miba.

Binti yangu akaingia saa sita kasoro robo, bado ana sare ya kazi, akapita moja kwa moja jikoni. Tukasikia sufuria. Picha ikawa inatumwa na mbichi yake, na kile kimstari kwenye kioo kinasogea kama kobe mwenye mawazo. Saa sita kasoro tano. Kasoro tatu. Ikafika. Tukabaki tumekaa tumeitazama simu.

Binti yangu alikuja akasimama mlangoni na sufuria ya wali mikononi, kitambaa kimeshikia masikio ya sufuria. Nadhani alikuja kutuambia saa. Akaiona picha kwenye kioo. Akasogea. Akasogea tena. Mwanamke yule ametazama vidonda na watoto wachanga maisha yake yote, hashtuki upesi. Alisimama pale mpaka mvuke ukaacha kutoka kwenye sufuria.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakifuata kule?" akasema.

"Ndiyo, mama."

Akainama. "Baba, umepitwa na doa. Hapa, mguuni kwa nyuki. La njano."

Nikasema, "Usiliguse. Livute kwanza." Kimya akalivuta karibu. Kwenye mguu wa yule nyuki, kidonge kidogo cha njano kimeshikamana, unakiona hata vinywele vyake.

"Hilo si doa," akasema Kimya. "Ni chavua. Alikuwa anapeleka chakula kwao."

"Na huyu ndege?"

"Ana vifaranga shimoni. Naye alikuwa anapeleka."

Binti yangu akanyooka, sufuria mkononi. "Kwa hiyo kila mtu hapa alikuwa anapeleka chakula nyumbani," akasema, "isipokuwa nyinyi wawili."

Simu ikalia. Kimya akaipokea, mkono mwingine ameshika ukingo wa meza yangu ya pasi. Mhariri hakusalimia. Alisema, "Nimemwona nyuki. Nimemwona mpaka mzigo wake." Kisha akauliza, "Hebu niambie, bundi unaweza kumngoja? Na korongo? Maana wamebaki hamsini na tisa."

Kimya akasema, "Naweza." Na hiyo ilikuwa hotuba yake yote.

Nilitoa leso nikasafisha miwani, haikuwa na kitu. Binti yangu akageuka kuelekea mezani, akaweka sufuria, akapanga sahani tatu, akavuta viti vitatu. Huku ametupa mgongo akasema, "Mapokezi watatafuta mwingine. Nitawaambia Jumatatu." Kisha akamwangalia mwanawe toka kichwani hadi miguuni. "Osha mikono, na uso, na hayo masikio. Baba, wewe vua koti."

"Koti silivui," nikasema. "Nina maji machafu mfukoni."

Hakuuliza. Kimya alikuwa ananawa, anacheka peke yake kwenye karo, na kicheko chake sijui kama umewahi kukisikia, kinaanza mabegani. Wali ulikuwa umepoa, maharage ndiyo ya moto. Ilikuwa saa sita na dakika kumi, kabla ya wakati, jambo ambalo nyumba hii haikuwahi kuliona. Nikavuta kiti changu, binti yangu akavuta chake, na mtoto akaja na maji yanamdondoka kidevuni, akakaa katikati yetu, tukala.